Johannes Rebmann: Upendo Uliokaa Rabai

Jina la Johannes Rebmann limefungamana na theluji. Aghalabu tunamkumbuka kwa sababu tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kutoka Bura kuelekea Taveta, aliuona mlima wenye kilele cheupe, naye akaandika kuwa ameona theluji. Wanajiografia wa Ulaya, hasa Cooley wa London, walimfanyia dhihaka, hadi von der Decken alipokwenda mwenyewe Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kuthibitisha. Hata hivyo, theluji ilikuwa jambo la siku moja. Rebmann aliishi pwani ya Kenya miaka 29, na swali linalonishughulisha ni hili: ni nini kilichomweka?

Alizaliwa Gerlingen, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Alikulia miongoni mwa Wakristo waliosisitiza dini ya moyoni kuliko ya kanuni, wakiamini kuwa aliyependwa na Mungu hawezi kulinyamazia pendo hilo. Alisomea kazi ya umisionari Basel, kisha akajiunga na shirika la Kianglikana la CMS. Alifika Mombasa Juni 1846, akampokea Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amemzika mkewe hapo miaka miwili kabla. Mwezi wa Agosti wote wawili, wakitetemeka kwa homa, walihamia Rabai.

Oktoba 1847 Rebmann alishika njia ya Taita, akafika Kadiaro, mlima ambao leo tunauita Kasigau. Mji wa Voi haukuwapo. Ulikuja na reli mwishoni mwa karne hiyo. Palikuwa na nyika kavu, na milima ambayo watu waliishi juu yake kwa sababu ya maji na usalama. Mwaka uliofuata alipita tena, safari hii akivuka Bura hadi Uchagga, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara. Inasimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa mwavuli. Huenda jambo hilo linachekesha, ila lina maana yake: katika njia zilizopitwa na misafara yenye bunduki, mtu huyu alitaka ajulikane kuwa hakuja kwa vita wala kwa biashara.

Safari ya tatu, mwaka 1849, ilimvunja. Alikusudia kufika Unyamwezi, lakini huko Machame Mangi Mamkinga aliidai mizigo yake kidogo kidogo kwa jina la zawadi hadi ikaisha. Rebmann alilia, akarudi mgonjwa na mikono mitupu kwa njia ile ile ya Taita. Hakwenda tena.

Hapa ndipo yeye na Krapf walipotofautiana. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kuikata Afrika kutoka pwani hadi pwani. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja, kujenga nyumba, kulima na kujuana na majirani. Wengine waliuona msimamo huo kuwa uvivu. Hata wakubwa wake Ulaya hawakuridhika. Mimi nauona kuwa ndio ufunguo wa maisha yake. Krapf aliondoka mwaka 1853. Burton alipofika mapema 1857 akiwa na wazo la kufuatana naye bara, Rebmann hakwenda. Uvamizi wa Wamaasai ulimlazimu kuiacha Rabai kwa muda, naye akarejea.

Katika kukaa huko alifanya kazi inayotugusa sisi wanafunzi wa lugha. Alikusanya msamiati wa Kiswahili na wa lugha ya Wamijikenda, na kwa miaka mingi aliketi na Salimini, mtu wa Nyasa aliyeletwa pwani utumwani, akimwuliza neno baada ya neno la lugha yake. Rebmann hakupata kuiona Nyasa. Ni vigumu kueleza subira hiyo kwa tamaa ya sifa, kwani waliojali kamusi ya Kinyasa siku hizo walikuwa wachache mno.

Hatuna budi, hata hivyo, kumtazama kwa macho mawili. Aliwapenda watu, lakini dini na mila zao aliziona kuwa giza tupu, na shajara zake ni kali kwao. Kadhalika, ramani aliyoichora na mwenzake Erhardt, yenye ziwa moja kubwa lenye umbo la koa, ilichapishwa mwaka 1856 na kuwavuta Burton na Speke. Njia iliyofunguliwa kwa mwavuli ilipitwa baadaye na waliobeba vitu vingine. Upendo wa mtu mmoja haukuweza kuchagua nani atamfuata nyuma.

Wala haukulipwa kwa hesabu. Mtoto wake na Emma, Mwingereza aliyemwoa Cairo mwaka 1851, alifariki akiwa mchanga. Emma mwenyewe alizikwa mwaka 1866. Bartle Frere alipoizuru pwani mwaka 1873, alikuta waumini wachache sana Rabai na mzee ambaye macho yake yalikuwa yakizimika. Miongoni mwa wachache hao alikuwamo Abe Gunja, na mwanawe Isaac Nyondo.

Mwaka 1875 Rebmann, sasa kipofu, alikubali kurudi kwao. Isaac Nyondo ndiye aliyemshika mkono hadi Ujerumani, kisha akarudi Rabai. Aliyekuja kuwaonyesha wengine njia alionyeshwa njia na kijana wa Rabai, na sijui ushahidi mwingine ulio bora kuliko huo kwamba kulikuwa na kitu baina yao kisichokuwa cha mwajiri na mtumishi. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ya Kinyasa ilichapishwa mwaka uliofuata.

Mwaka 1883 Joseph Wray wa CMS alipanda mlima wa Sagalla, ule unaotazamana na Voi, akaanza kituo cha kwanza cha shirika hilo Taita. Alikuwa amefuata njia ya Rebmann, naye pia alikuta watu wasiokuwa na haraka ya kumsikiliza.