Maisha ya Peter Lalor

Bwana Peter Lalor alizaliwa Ireland mwaka 1827. Mwaka 1852 alihamia Australia, katika koloni la Victoria, akaenda kuchimba dhahabu Ballarat.

Siku zile kila mchimbaji alilazimika kununua leseni, apate dhahabu asipate, na askari walimsaka asiyekuwa nayo. Tena hakuwa na kura. Mwishoni mwa mwaka 1854 wachimbaji walichoka, wakamfanya Lalor kiongozi wao, wakajenga boma mahali paitwapo Eureka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, askari walilivamia. Wachimbaji wasiopungua 22 walikufa. Lalor alipigwa risasi begani; rafiki zake wakamficha, na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Serikali iliahidi pauni 200 ili akamatwe, lakini hakupatikana wa kumtoa.

Mwaka uliofuata leseni ile ilifutwa, na msakwaji huyo akaingia katika baraza la kutunga sheria!

Hapo ndipo ninapotatizika. Mwaka 1856 aliunga mkono masharti ya uchaguzi yaliyowapendelea wenye mali, na wachimbaji wengi wakamwona msaliti. Mwaka 1873 wachimbaji wa Clunes waligoma, na kampuni ambayo yeye alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake ikajaribu kuwaleta Wachina wafanye kazi mahali pao. Mwenzangu mmoja bwenini alisema kwamba moyo wa Lalor ulizikwa pamoja na mkono wake. Mimi naona amemwonea, maana Lalor alipigana na dhuluma ya leseni, si na wenye mali.

Alikuwa Spika tangu 1880 hata 1887, akakataa cheo cha Sir, akafariki mwaka 1889. Sanamu yake iko Ballarat, naye amevaa joho la Spika.