Ahmad ibn Majid, Mwalimu wa Chombo



Ndugu zangu katika imani, sisi tunaokaa hapa Thongpiny tuko mbali na bahari. Maji tunayoyajua ni ya Nile. Hata hivyo nimechagua maisha ya baharia. Katika masomo yetu tunawataja sana mafakihi na wapokezi wa Hadithi, lakini Waislamu waliobobea katika kazi nyingine tunawasahau.

Shihabuddin Ahmad ibn Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, mji wa pwani uliokuwa katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo. Babu yake na baba yake walikuwa waongoza vyombo, na baba yake alitunga utenzi mrefu juu ya njia za Bahari ya Shamu. Mwongoza chombo kwa Kiarabu huitwa muallim. Ndiko lilikotoka neno letu mwalimu, na kwa mabaharia wa Kiswahili mwalimu ni yule anayeijua njia.

Mwaka 1462 alitunga Hawiya, utenzi wa beti zaidi ya 1,000. Karibu mwaka 1490 akaandika Kitab al-Fawaid, chenye milango 12: dira, vituo vya mwezi, nyota, alama za nchi kavu, majira ya pepo na mengineyo. Alitunga pia Sufaliyya, juu ya njia ya kwenda Sofala, Msumbiji ya leo.

Kilichonigusa mimi zaidi ni mashauri yake ya kukitunza chombo na kuishi ndani yake. Mwalimu akikague chombo kingali nchi kavu, aandike kasoro zake. Sababu iko wazi: ufa wa ubao huzibwa kwa urahisi pwani, lakini katikati ya bahari ni kazi ya kuchota maji usiku na mchana. Asipakie kupita kawaida ya chombo. Auangalie usukani na vifaa vyake vya kupimia. Asisafiri nje ya msimu, kwani anayechelewa kusi au kaskazi hukwama ugenini miezi mingi, au huzama. Asisafiri na watu wasiomtii, lakini asikilize kila linalosemwa na abiria na mabaharia, achukue lililo jema. Awe mpole wa tabia, imara wa kauli. Na adumu katika tohara na dhikri, kwa kuwa aliye chomboni ni mgeni wa Mola wake.

Utaona kwamba hakutenga usukani na ibada. Vyote viwili kwake ni amana, kwa sababu roho za watu zimo mikononi mwake.

Mtu huyu amezuliwa jambo zito. Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwaka 1498 aliongozwa na rubani hadi pwani ya Calicut. Miaka mingi baadaye mwanachuoni wa Makka, al-Nahrawali, aliandika kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid, tena amelewa. Hadi leo wengi wetu tunalirudia. Lakini Wareno wenyewe hawamtaji. Mwandishi wao João de Barros anasema rubani alikuwa Muislamu wa Gujarat. Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na naona heshima ya maiti inaingia humo.

Utungo wake wa mwisho unaojulikana ni wa mwaka 1500. Hakuacha ufalme, aliacha elimu iliyowafikisha wasafiri salama.

Ewe ndugu unayesomea uuguzi, uhandisi au uhasibu, kazi yako ni chombo chako. Kikague kingali nchi kavu, yaani sasa, ungali darasani, kabla watu hawajapanda.

Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.