Mbaraka Mwinshehe: Namba 10 aliyehama akiwa kileleni

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki tunabishana: staa abaki au aondoke? Morogoro walishabishana hivyo mwaka 1973, na staa mwenyewe hakuwa mcheza mpira. Alikuwa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji.

Moro ya miaka ya 60 ilikuwa na dabi yake ya muziki, Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mbaraka alivaa jezi ya Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa 1944, mwaka uleule aliozaliwa yeye. Akawa kila kitu: anatunga, anaimba, anacharaza gitaa la solo. Ni sawa na kupiga kona halafu ukakimbilia kufunga mwenyewe kwa kichwa. Mwaka 1970 bendi hiyo ikaiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70, Osaka, Japani.

Miaka mitatu baadaye akaaga, akaunda Super Volcano. Kuhama timu kubwa ni kamari, wengi huishia benchi. Yeye wapi! Akiwa na Volcano akaachia Shida, wimbo uliotikisa Tanzania na Kenya.

Januari 1979 ajali ya gari ikamuua hukohuko Kenya, akiwa na miaka 34 tu, umri ambao makipa kibao bado wanadaka ligi kuu. Alikuwa na miaka michache tu ya kuthibitisha kwamba hakukosea kuhama. Ilimtosha. Sikiliza lile solo, ubishi umekwisha.