Edward Steere (1828–1882): Ngeli za Kiswahili na Njia ya Lindi

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha London kabla ya kupadirishwa. Aliwasili Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA.

Mwongozo wake wa Kiswahili ulichapishwa mwaka 1870. Humo aliainisha nomino katika ngeli nane kwa kuzingatia upatanisho wa kisarufi: kisu kikali, visu vikali, mti mrefu, miti mirefu. Kanuni hiyo inakaribiana na mifumo ya aina katika lugha za kompyuta, ambamo kila thamani hupewa aina, na tendo lisilopatana nayo hukataliwa. Hata hivyo, umbo pekee halitoshi: kiboko amekuja, wala si kimekuja, kwa kuwa uhai wa kitajwa hushinda kiambishi.

Uchunguzi huo ulifanyika wakati Kilwa Kivinje ilipokuwa lango kuu la kuwasafirishia watumwa kwenda Unguja, na lugha za bara zilifika kisiwani vinywani mwa mateka. Steere alichapisha makusanyo ya Kiyao (1871) na Kimakonde (1876). Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka 1875 alipitia Lindi hadi Mwembe kwa Mataka. Mwaka uliofuata aliongoza kwa njia hiyo hiyo kundi la watu walioachwa huru, wakapata makazi Masasi.

Alifariki Unguja mwaka 1882, akazikwa katika kanisa kuu la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa.

Hesabu ya ngeli nane imepitwa na uainishaji wa viambishi kwa nambari ulioasisiwa na Bleek. Lakini upatanisho aliouzingatia ungali kigezo kikuu cha uainishaji wa nomino.