Johann Ludwig Krapf: Mchungaji, Lugha na Deni la Uvumilivu

Utangulizi

Jina la Johann Ludwig Krapf si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Hutajwa katika mihadhara ya historia ya lugha kama mwandishi wa sarufi na kamusi za mwanzo, kisha mhadhiri akaendelea na Steere, Sacleux na Kamati ya Lugha. Makala haya yanadhamiria kumtazama kwa jicho jingine, yaani kama mchungaji wa Kikristo aliyeishi miongoni mwa watu wa imani nyingine. Hoja yetu ni kwamba uvumilivu wa kidini uliomwezesha Krapf kuifanya kazi yake ulikuwa wa wenyeji wake zaidi kuliko ulivyokuwa wake mwenyewe. Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Machakos, tukiwa warithi wa pande zote mbili, hatuna budi kulikiri deni hilo.

Malezi na wito

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kilutheri. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita. Ni katika kipindi hicho alipozama katika usomaji wa Biblia. Baadaye alijifunza kazi ya umisheni huko Basel, akasoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, na akahudumu kwa muda mfupi kanisani kabla ya kujiunga na CMS, chama cha umisheni cha Waanglikana wa Uingereza. Basi tangu mwanzo alikuwa Mlutheri aliyetumwa na Waanglikana, na mipaka ya madhehebu haikumkwaza.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Ethiopia, ambako alifika mwishoni mwa 1837. Huko aligundua kwamba Mkristo huweza kukataliwa hata na Wakristo wenzake, kwani mwaka wa 1838 yeye na wenzake walifukuzwa kutoka Adwa. Alihamia Shoa, akajifunza lugha ya Waoromo na kuanza kuwatafsiria Injili. Njia ya kurudi Shoa ilipofungwa, aliamua kuwafikia Waoromo kwa kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyompata Krapf, kwani hakukusudia tangu awali kuja kukitumikia.

Mombasa na Rabai

Krapf alifika Unguja mnamo Januari 1844. Seyyid Said, mtawala Mwislamu, alimpokea vyema na kumwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akiwataka wamtendee wema mgeni huyo aliyetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu. Mtawala huyo alijua fika kwamba dini ya mgeni wake haikuwa yake. Hata hivyo, alimfungulia mlango.

Mnamo Mei mwaka huohuo Krapf alihamia Mombasa na mkewe, Rosine. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na Sheikh Ali, kadhi wa Mombasa. Tukio hili lastahili kutafakariwa. Sehemu ya kwanza ya Biblia kutafsiriwa kwa Kiswahili ilipita katika kinywa na masikio ya mwanachuoni wa Kiislamu, aliyekubali kuketi na kasisi na kumpa maneno.

Mwezi wa Julai msiba ulimfika. Homa ilimuua Rosine na mtoto wao mchanga wa kike ndani ya siku chache, Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa. Walizikwa bara, mkabala wa kisiwa cha Mombasa. Krapf hakuondoka. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na wote wawili wakafungua kituo Rabai kwa idhini ya wazee wa Kirabai. Mavuno yalikuwa haba. Miongoni mwa waliowasikiliza mwanzoni alikuwemo Mringe, maskini mlemavu, aliyebatizwa kabla ya kufariki. Kwa kipimo cha idadi ya waumini, uchungaji wa Krapf ulikaribia kuwa bure.

Safari za Ukambani

Mnamo Novemba 1849 Krapf alisafiri hadi Kitui, nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Kivoi hakuwa Mkristo wala Mwislamu, lakini alimkaribisha mgeni wake na kumsimulia habari za mlima wenye kilele cheupe. Tarehe 3 Desemba Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake, na jina alilolisikia kwa Wakamba akaliandika. Jina la nchi yetu latokana na mazungumzo hayo.

Mwaka wa 1851 alirejea akiwa na azma ya kufungua kituo katika nyanda za Yata, ambazo sehemu yake imo katika Kaunti ya Machakos ya leo. Mnamo Agosti aliandamana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Wanyang'anyi waliuvamia msafara, wakamuua Kivoi. Krapf alitoroka peke yake, akasafiri usiku kwa njaa na kiu, akiwa amebeba maji ndani ya mitutu ya bunduki. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, na maisha yake yakawa hatarini. Hatimaye alifika Yata, kisha Rabai. Lawama hizo zaeleweka, kwani waliofiwa walikuwa wamempoteza kiongozi wao katika safari ambayo mgeni alirudi hai.

Kalamu yake na mipaka yake

Mwaka wa 1850 Krapf alichapisha huko Tübingen sarufi ya Kiswahili pamoja na msamiati wa lugha sita, Kikamba kikiwemo. Afya yake ilimrudisha Ulaya mwaka wa 1853. Mnamo 1862 alikuja tena kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti walioanzisha kituo cha Ribe. Alifariki huko Korntal tarehe 26 Novemba 1881, akiwa amepiga magoti katika sala. Kamusi yake, iliyoegemea lahaja ya Kimvita, ilitoka London mwaka uliofuata.

Hata hivyo, tusimpambe kuliko alivyokuwa. Krapf aliuona Uislamu kama mpinzani. Katika sarufi yake alipendekeza hati za Kirumi badala ya za Kiarabu, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuzuia uenezi wa dini hiyo. Pendekezo hilo lilichangia kuzisukuma kando hati ambazo washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walikuwa wamezitumia kwa karne nyingi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo alikusanya miswada ya tendi na kuipeleka Ujerumani, ukiwemo Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, unaosimulia vita vya Waislamu dhidi ya Warumi wa Kikristo. Chuki yake kwa dini haikumzuia kuuthamini ushairi wa wenye dini hiyo.

Isitoshe, lugha yenyewe ilimshinda. Asingeweza kuhubiri kwa Kiswahili bila imani, dhambi, roho, malaika, injili, rehema na baraka, maneno ambayo Waswahili waliyapata kutoka Kiarabu na kuyatumia katika Uislamu kabla ya kasisi yeyote wa CMS kutia nanga Mombasa. Hati aliweza kuzibadilisha, lakini msamiati wa imani ulibaki wa jirani yake.

Hitimisho

Historia ya kanisa katika Ukambani mara nyingi huanzwa mwaka wa 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofika Nzaui, katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos. Mwanzo huo ni wa kweli, ila haujakamilika. Kabla yake palikuwapo sultani aliyeandika barua, kadhi aliyefundisha, wazee wa Rabai waliotoa ardhi na Kivoi aliyekaribisha. Hakuna hata mmoja wao aliyedai kwanza mgeni aikane imani yake.

Kila Jumapili mimbari za Machakos, ziwe za AIC, za Kikatoliki au za Kianglikana, hutamka kwa Kiswahili maneno yaliyolelewa misikitini. Yule anayemhesabu Mwislamu wa mji huu kuwa mgeni hana budi kwanza kuyachunguza maneno anayosalia. Maisha ya Krapf yanatufundisha kwamba mtu aweza kuwa mwaminifu kwa imani yake na bado akawa na deni kwa wasioiamini. Yeye hakulilipa lote. Kazi ya kulilipa imetufikia sisi wanafunzi wa lugha aliyoachiwa aitumie.