George Westinghouse na Breki ya Hewa

Bila shaka umepata kusimama kando ya barabara wakati basi kubwa au lori linaposimama, ukasikia mlio mkali wa pumzi itokayo kwa nguvu chini ya gari. Mlio huo ni wa hewa. Katika magari makubwa na katika treni, hewa ndiyo inayofanya kazi ya breki. Dereva huiamuru tu kwa mkono au kwa mguu wake. Katika somo hili utasoma habari za George Westinghouse, Mmarekani aliyebuni breki ya hewa kwa ajili ya treni. Utaona pia kwamba breki yake ya kwanza ilikuwa na kasoro ya hatari, na kwamba ilimbidi aigeuze ifanye kazi kinyume kabisa cha vile ilivyokuwa.

George Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York, nchini Marekani. Alikuwa mtoto wa nane kati ya watoto kumi. Baba yake alitengeneza mashine za kilimo, na mwaka 1856 aliihamishia jamaa yake katika mji wa Schenectady, akafungua karakana huko. George hakuvutiwa sana na masomo ya darasani. Alipenda zaidi kukaa karakanani miongoni mwa mashine, akitazama jinsi kila kipande kinavyosukuma kingine.

Sehemu hizo ni za baridi kali. Wakati wa theluji watu wa siku zile walisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu, yaliyovutwa na farasi na kuteleza juu ya theluji. Hebu fikiri gari la namna hiyo linaposhuka mlima. Hakuna gurudumu la kubana. Mzigo huteleza wenyewe na kumsukuma farasi kutoka nyuma, naye hana budi kuuzuia kwa mwili wake, kwa msaada wa mkanda mpana unaopita nyuma ya mapaja yake. Penye mteremko mkali, mwenye gari aliweza kufunga mnyororo chini ya vyuma vya kutelezea ili uparuze ardhi. Kukivuta kitu kiende ni kazi moja. Kukizuia kisiende ni kazi nyingine. Treni ilikuwa na taabu hiyo hiyo, lakini kubwa zaidi mara nyingi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, George alikuwa bado mtoto. Baadaye alitumikia katika jeshi la nchi kavu, kisha katika jeshi la majini akiwa fundi wa injini za meli. Vita vilipokwisha mwaka 1865 aliingia chuo kikuu, lakini alikaa huko miezi michache tu. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 19, alipata hataza yake ya kwanza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi. Hataza hiyo ilihusu injini ya mvuke.

Mwaka 1866 Westinghouse alikuwa safarini kwa treni baina ya Schenectady na Troy. Treni yake ikakwama njiani, kwa kuwa mbele yake treni mbili za mizigo zilikuwa zimegongana. Ulikuwa mchana, na reli mahali hapo ilikuwa imenyooka. Madereva wa treni zile mbili walionana kutoka mbali. Kila mmoja alitaka kusimama, na kila mmoja alijua nini kitatokea asiposimama. Hata hivyo hawakuweza.

Huenda ukajiuliza kwa nini hawakufunga breki. Breki zilikuwako, lakini kila behewa lilikuwa na breki yake peke yake, iliyofungwa kwa kuzungusha gurudumu la mkono lililokuwa juu ya behewa. Dereva alipotaka kusimama alipiga filimbi ya injini. Hapo wafunga breki, watu waliosafiri na treni kwa kazi hiyo, walikimbia juu ya mapaa ya mabehewa, wakaruka kutoka behewa hata behewa, wakizungusha magurudumu hayo moja baada ya jingine. Walifanya hivyo mchana na usiku, katika mvua na katika barafu, huku treni ikitikisika chini ya miguu yao. Wengi waliteleza wakaanguka. Wengine waligongwa na madaraja yaliyopita juu ya reli. Wakati huo wote treni iliendelea kwenda. Nawe kumbuka kanuni hii: mwendo wa chombo ukiongezeka mara mbili, umbali kinaohitaji ili breki zikisimamishe huongezeka karibu mara nne.

Westinghouse aliona kwamba breki za mabehewa yote zingepaswa kufungwa na mtu mmoja, naye ni dereva. Kwanza alifikiri kutumia mnyororo mrefu upitao chini ya treni nzima. Akauacha, maana mnyororo wa namna hiyo ungefaa treni fupi tu. Kisha akafikiri kutumia mvuke wa injini. Mvuke nao ulimshinda: ukipita katika bomba refu hupoa na kuwa maji, na wakati wa baridi kali maji hayo huganda.

Jibu lilitoka mbali, katika milima ya Alps kati ya Ufaransa na Italia. Huko mafundi walikuwa wakichimba njia ya reli ndani ya mlima, karibu na Mont Cenis. Walitumia mashine za kutoboa miamba zilizoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Westinghouse alisoma habari za kazi hiyo katika gazeti. Hewa ilisafirishwa katika mabomba kiasi cha mita 900 kuingia ndani ya mlima, na mwishoni ilikuwa ingali na nguvu ya kutoboa mwamba. Ikiwa hewa yaweza hayo, yashindwaje kufika mwisho wa treni?

Unaweza kuijua nguvu hiyo wewe mwenyewe. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Mwanzoni mpini huenda kwa urahisi, halafu huwa mgumu, na hewa hukisukuma kidole chako ikitaka kutoka. Umeishindilia hewa katika nafasi ndogo, kwa hiyo kanieneo lake limeongezeka. Sasa uache mpini: utarudi nyuma wenyewe. Hewa haipoi ikawa maji kama mvuke ufanyavyo, wala haigharimu kitu, kwa kuwa imetuzunguka pande zote.

Westinghouse aliweka pampu kwenye injini ili ishindilie hewa katika tangi. Kutoka kwenye tangi, bomba lilipita chini ya treni nzima, na kati ya behewa na behewa likaunganishwa kwa mpira. Chini ya kila behewa aliweka silinda yenye pistoni. Dereva alipofungua vali, hewa ilikimbia katika bomba, ikasukuma pistoni, na vipande vya chuma vikabana magurudumu.

Mwaka 1868 alihamia mji wa Pittsburgh, na huko akapata shirika la reli lililokubali kumpa treni ya kufanyia majaribio. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba katika safari ya kwanza, treni ilipotoka tu kwenye njia ya chini ya ardhi mjini, dereva aliona gari la farasi likiwa limekwama juu ya reli. Alifungua vali ya breki mpya. Abiria walirushwa kutoka vitini, lakini treni ilisimama hatua chache tu kabla ya kuligonga gari lile. Tarehe 13 Aprili 1869 Westinghouse alipewa hataza ya breki hiyo, na mwaka huo huo akaanzisha kiwanda cha kuitengeneza. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Mvumbuzi mwingine angeridhika. Westinghouse hakuridhika. Itazame tena breki hiyo, nawe utaona sababu yake. Hewa hutoka kwenye injini na kufika nyuma kwa njia ya bomba. Je, bomba likipasuka? Je, mabehewa ya nyuma yakikatika kutoka kwa yale ya mbele? Hewa yote itamwagika nje, na treni haitakuwa na breki yoyote. Yaani breki hiyo ilikuwa tayari wakati kila kitu ni kizima, lakini ilitoweka siku kitu kilipoharibika, na hiyo ndiyo siku inapohitajiwa zaidi.

Mwaka 1872 alipata ufumbuzi. Soma sehemu hii polepole, na ikibidi isome mara mbili.

Chini ya kila behewa aliongeza tangi dogo la hewa na vali ya namna mpya. Kabla treni haijaondoka, pampu ya injini hujaza hewa katika bomba refu, na kutoka humo katika matangi yote madogo. Bomba likiwa limejaa, breki huwa wazi na magurudumu huzunguka bila kizuizi. Dereva anapotaka kusimama, hapeleki hewa nyuma. Huitoa hewa katika bomba. Kanieneo la bomba hushuka. Vali ya kila behewa huona, kwa namna ya kusema, kwamba hewa ya bombani imepungua kuliko ile ya tangini. Basi husogea na kufungua njia, na hewa ya tangi dogo huingia katika silinda na kufunga breki. Dereva akitaka kuziachia breki, hujaza tena bomba. Vali hurudi mahali pake, hewa ya silinda hutoka nje kwa mlio, na tangi hujazwa upya. Vali hiyo ina kazi tatu: kujaza, kufunga na kuachia.

Sasa jiulize tena: je, bomba likipasuka? Hewa itamwagika, kanieneo litashuka, na breki za mabehewa yote zitajifunga zenyewe. Mabehewa yakikatika, ya mbele yatasimama na ya nyuma yatasimama. Hakuna haja ya mtu kuamuru. Uharibifu wenyewe ndio unaoisimamisha treni.

Jambo hilo lilikuwa la uhai na kifo. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh nchini Ireland, treni iliyojaa watoto na wazazi waliokwenda matembezi ilishindwa kupanda mlima. Breki zake hazikuwa za aina ya kujifunga; zilifanya kazi tu zilipounganishwa na injini. Wafanyakazi waliamua kuigawa treni, wavuke kwanza na mabehewa ya mbele. Mabehewa kumi ya nyuma yaliachwa mlimani kwa breki moja ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini ilipojaribu kuondoka ilirudi nyuma kidogo ikayasukuma. Mawe yakapondeka, mabehewa yakateremka kwa kasi, yakagongana na treni nyingine iliyokuwa ikija nyuma. Watu 80 walikufa, miongoni mwao watoto wengi. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza, lililoitawala Ireland wakati ule, lilipitisha sheria ya kuzilazimisha treni za abiria zitumie breki zinazojifunga zenyewe.

Hapo tumeitangulia hadithi kidogo. Miaka mitatu kabla ya ajali hiyo, Westinghouse mwenyewe alikuwa amepatwa na aibu mbele ya watu. Mwaka 1886 na mwaka 1887, mashirika ya reli ya Marekani yalizijaribu breki za makampuni mbalimbali huko Burlington, jimbo la Iowa, kwa treni za mizigo zenye mabehewa 50. Breki ya Westinghouse ilishindwa. Katika treni ndefu namna ile, hewa ilichelewa kupungua upande wa nyuma. Mabehewa ya mbele yalikuwa yamekwisha kufunga breki wakati ya nyuma yangali mbioni, nayo yakaja kuyagonga ya mbele kwa kishindo. Baadhi ya watu walidhani kwamba breki ya hewa haifai kamwe kwa treni za mizigo.

Westinghouse alirudi kwenye kazi yake na kuibadilisha ile vali. Katika vali mpya, kila behewa lilisaidia kuitoa hewa ya bomba hapo hapo lilipo, hivyo kupungua kwa hewa kukasafiri upesi kutoka behewa hata behewa. Kabla mwaka 1887 haujaisha, treni ya mabehewa 50 ilikuwa ikizungushwa katika miji ya Marekani ili watu waione ikisimama bila kishindo. Mwaka 1893 Marekani ilitunga sheria kwamba treni ziwe na breki ambazo dereva aweza kuzifunga kutoka kwenye injini. Kazi ya kukimbia juu ya mapaa ikaanza kutoweka.

Westinghouse alifanya mengine mengi. Alianzisha kampuni ya umeme mwaka 1886, akashirikiana na Nikola Tesla, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa mitambo ya kampuni hiyo. Katika kiwanda chake cha breki aliwapa wafanyakazi mapumziko ya Jumamosi alasiri, jambo lililokuwa geni kwa viwanda vingi vya wakati huo. Mwaka 1907 fedha ziliadimika Marekani, naye akapoteza mamlaka juu ya kampuni yake ya umeme. Kampuni ya breki ilibaki salama.

Usidhani, mwanafunzi, kwamba milima imepoteza nguvu zake. Hapa Tanzania, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa mlimani katika mkoa wa Dodoma ilirudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 walifariki. Kila breki inahitaji kukaguliwa. Hewa ya matangini nayo huvuja polepole treni ikisimama muda mrefu, kwa hiyo behewa linaloachwa kituoni hufungwa breki ya mkono pia. Ukipata nafasi ya kufika stesheni, tazama kati ya behewa na behewa, nawe utaona mpira mnene unaoning'inia na kuyaunganisha. Kabla ya safari ndefu, wafanyakazi hukagua kama hewa imefika katika behewa la mwisho kabisa.

George Westinghouse alifariki mjini New York tarehe 12 Machi 1914, akiwa na umri wa miaka 67. Kwa kuwa alikuwa askari katika ujana wake, alizikwa katika makaburi ya jeshi huko Arlington.