Solomon Carter Fuller, Mchunguzi wa Ubongo

Tumekwisha kujifunza kwamba ubongo ndio unaoongoza mwili wote. Je, umewahi kumwona mzee aliyesahau majina ya watoto wake, au njia ya kurudi nyumbani kwake? Zamani watu wengi walidhani kwamba huo ni uzee tu. Mmoja wa madaktari wa kwanza kulichunguza jambo hilo kwa makini alikuwa Mwafrika.

Solomon Carter Fuller alizaliwa mwaka 1872 mjini Monrovia, nchini Liberia. Babu yake alikuwa mtumwa huko Marekani, akajinunulia uhuru wake na kuhamia Liberia. Mwaka 1889 kijana Fuller alisafiri kwenda Marekani kusoma, na mwaka 1897 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston. Kisha alifanya kazi Westborough, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko alipasua maiti za wagonjwa ili kujua kilichowaua. Upesi alitambua kuwa elimu yake haikutosha.

Kwa hiyo mwaka 1904 alikwenda Munich, Ujerumani, kujifunza kwa Daktari Alois Alzheimer, aliyemchagua kuwa mmoja wa wasaidizi wake kutoka nchi za nje. Kazi yao ilihitaji subira nyingi. Ubongo mbichi ni laini kama parachichi lililoiva, nao haukatiki vizuri. Kwanza hutiwa katika dawa ili ugande, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Vipande hivyo hutiwa rangi, au dawa yenye madini ya fedha, ndipo nyuzi ndogo zilizomo ndani ya chembe hai huonekana kwa hadubini. Atakayekosea hatua moja haoni kitu.

Fuller alirejea Westborough mwaka 1905. Mwaka uliofuata Alzheimer alitangaza aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyekufa akiwa na umri wa miaka 55 tu, naye alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Palikuwa na madoa kati ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Ikiwa mgonjwa hakuwa mzee, je, chanzo ni uzee kweli?

Fuller alilishika swali hilo. Mwaka 1912 alikusanya habari za wagonjwa wote wa namna hiyo waliojulikana, akaongeza za mgonjwa wake mwenyewe, na kuitafsiri taarifa ya Alzheimer kwa Kiingereza. Madaktari wengi walisema kwamba ugonjwa huletwa na kukakamaa kwa mishipa ya damu. Fuller hakukubali, kwa kuwa hakuona ushahidi wa kutosha.

Alifundisha Boston kwa zaidi ya miaka 30, lakini kwa sababu ya rangi yake alilipwa mshahara mdogo kuliko wenzake Wazungu. Mwaka 1933 mwalimu Mzungu wa cheo cha chini alipandishwa na kupewa uongozi wa idara, ingawa kazi hiyo aliifanya Fuller. Fuller akaacha kazi.

Baadaye ugonjwa wa kisukari ulimpofusha macho yaliyozoea hadubini. Hata hivyo aliendelea kuwapokea wagonjwa nyumbani kwake Framingham, akiwasikiliza. Alifariki mwaka 1953. Madoa na nyuzi zile zingali zinachunguzwa hadi leo, na dawa ya kuuponya ugonjwa huo haijapatikana.